Neno la Kuinulia Sufuria

Mimi shule moja nimeingia mara mbili. Mara ya kwanza nilipita geti la mbele na sanduku la bati, godoro kichwani, nikaenda mpaka fomu tuu, masomo yakaniishia hapo. Mara ya pili, miaka kadhaa baadaye, nilipita mlango wa nyuma, pale kuni zinapopangwa, nikiwa msaidizi wa mpishi. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa akiniambia sitafika popote alinikuta namtilia maharagwe kwa sahani. Akasema, "Si nilikwambia?" Nikamjibu, "Nimefika, mwalimu. Kumbe popote ni hapa."

Shule yenyewe iko huku juu Chawia, milima ya Taita, mahali ukungu unaingia darasani kabla ya mwalimu. Na aliyenipokea hiyo mara ya pili ni mama mmoja ambaye shule nzima, kuanzia mwalimu mkuu mpaka wale watoto wa fomu wani wanaolilia kwao, ilimwita Mama Jikoni. Jina la kanisani alikuwa nalo, nadhani. Sikuwahi kulisikia likitumika.

"Umesoma mpaka wapi?" aliniuliza.

"Fomu tuu, Mama."

"Fomu tu?"

"Tuu, Mama. Ya pili."

"Ndiyo nasema. Fomu tu, ndani hakuna kitu. Haya, Fomutu, hebu inua hilo gunia nione."

Lilikuwa gunia la mahindi, limeshiba. Mimi nikataka kuonekana mwanaume. Nikasimama miguu imenyooka, nikainama kutoka kiunoni kama kisu cha kukunja, nikashika masikio ya gunia. Sijaliinua hata kidogo, nikasikia mwiko umenitua matakoni. Si mwiko wa nyumbani. Ni ule wa shule, mrefu kama kasia, wa kusongea ugali wa watu mia kadhaa.

"Achilia! Unainama kama mtu amepoteza sindano. Hapa jikoni hatuzikani."

Hiyo ndiyo ilikuwa intaviu yangu. Nilipata kazi kwa sababu, alisema baadaye, nilicheka badala ya kukasirika, na mtu wa kukasirika hafundishiki. Pia hakukuwa na mtu mwingine aliyekuja.

Alikuwa mfupi. Nasema mfupi vile ukimtafuta jikoni unaanza na kuangalia nyuma ya sufuria. Sufuria ikikaa juu ya jiko, mdomo wake unafika kwa kidevu cha Mama Jikoni. Kwa hiyo alikuwa na kreti la soda, la plastiki, limepoteza rangi, na alipanda juu yake kukoroga. Hakuna aliyeruhusiwa kulikalia wala kuliwekea vitunguu. Wanafunzi walimcheka, wakasema Mama Jikoni anahubiri kwa kreti. Naye alikuwa anahubiri kweli.

"Kazi ije kifuani kwako," alisema huku anazungusha mwiko. "Wewe usiifuate huko chini. Kazi ikikuzoeza kuinama, hata siku umekaa bure utainama."

Mahubiri mengine yalinikaa kichwani kuliko kitu chochote nilichofundishwa upande wa mbele wa shule. Mgongo umepewa ukubebe wewe, mzigo upe miguu. Mzigo ni mgeni wa mbali, mkumbatie. Ukimshika kwa ncha za vidole mtaanguka wote. Ukitaka kugeuka, geuka na viatu, kiuno kifuate. Gunia la kwanza likikushinda usilitukane, ita mtu. Na kubwa kuliko zote: usishindane na sufuria, kwa sababu sufuria haina mgongo.

Kilonzo ndiye alikuwa akibishana naye. Kilonzo alikuwa mwenzetu wa tatu, kijana wa Voi mjini, mabega kama mlango wa stoo, anainua vyuma vya simiti alivyotengeneza mwenyewe nyuma ya bweni. Alikuwa akibeba gunia zima peke yake akipiga mluzi.

"Mama, hii mgongo ni ya Mkamba. Ni chuma."

"Chuma huwa kinashika nini, Kilonzo?"

"Moto?"

"Kutu," Mama akasema. "Fomutu, kamshikie upande wa pili."

Lakini sitaki mfikirie alikuwa daktari. Mambo mengine aliyoamini, mimi na fomu tu yangu niliyatilia shaka. Alikataza mtu kukaa kwa saruji, alisema baridi ya saruji inapanda kwa uti wa mgongo kama mchwa. Ukitoka kubeba huwezi kunywa maji ya bomba, unangoja jasho likauke, la sivyo maji yatakimbilia kiunoni. Alikuwa na chupa ya mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na kitu alichokataa kusema, na ukilalamika tu kwamba umechoka, amekufunua shati amekupaka. Nilinuka kondoo miaka yote hiyo. Kuna msichana mmoja wa pale madukani Mwatate niliyekuwa namtupia maneno. Aliniuliza kama mimi ni mchungaji. Nikafurahi, nikidhani anasema wa kanisa.

Na alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Jikoni huwezi kubeba ndoo mbili akikuona. Lakini Ijumaa jioni, akienda kwake Wusi, ungemwona anapanda ule mlima na kifurushi cha kuni mgongoni na kibuyu cha maziwa mkononi, amejikunja kama namba saba. Nilimwita siku moja, "Mama! Na yale mahubiri?" Akanijibu bila kugeuka, "Hayo ni ya jikoni. Nyumbani nani atashika upande wa pili?" Mume alishatangulia. Binti yake mmoja, Wakesho, alikuwa Voi akishona nguo.

Daktari wa dispensari alimwambia mara moja apumzike. Alirudi jikoni ametukanwa, unaweza kusema. "Pumzika ni dawa ya mtu aliye na mtu," akasema, akapanda kreti lake.

Sasa nieleze habari ya kidato.

Kiswahili chetu kina utani wake. Kidato ni darasa, na kidato ni hatua ya ngazi. Mimi kidato kilichonishinda ni cha pili. Mama Jikoni kilichomshinda ni kimoja tu, cha saruji, kati ya jikoni na daining. Aliyejenga alikosea vipimo, jikoni ikabaki juu, daining chini, wakaunganisha na kidato kirefu kuliko goti, ukingo wake umelika. Kila chakula cha shule hiyo kimeteremka hapo mikononi mwa watu wawili, kikiwa kimoto, mmoja akirudi kinyumenyume.

Mama alikuwa akiomba kitu kimoja tu: wapatie saruji kidogo, kidato kifanywe mteremko, sufuria ipite na kigari. Aliomba mkuu wa kwanza, akaambiwa muhula ujao. Akaja mkuu wa pili, muhula ujao. Kwa mkutano wa wazazi akasimama nyuma, na aproni yake, akauliza, "Huyu Muhula Ujao ni mtoto wa nani? Mbona haji?" Watu wakacheka sana, wakapiga makofi. Halafu wakala, wakaenda.

Kwa vile mteremko haukuja, tuliishi kwa sheria. Mmoja anapangusa kidato kabla sufuria haijatoka, maana hapo maji hayakosekani. Wawili wanachuchumaa, vitambaa mikononi, wanashika masikio ya sufuria. Wanaangaliana machoni. Hakuna anayeinua mpaka Mama atoe neno, na hapo mnainuka pamoja, kwa miguu, kama mtu mmoja. Neno lilikuwa "Haya."

Mnaona shida? Sisi hatukuiona. Ni neno ambalo mtu wa huku hutoa kama pumzi. Simu inaisha na haya. Mgeni anaagwa na haya. Ukikubali ni haya, ukikataa kwa heshima ni haya. Tuliweka mgongo wa watu watatu juu ya neno ambalo hata kasuku wa Voi analijua.

Siku yenyewe ilikuwa ya maharagwe, yale wanafunzi wanaita madondo. Mimi nilikuwa zamu ya kupangusa. Nimechuchumaa kwenye kidato, kitambaa mkononi, nasugua. Nyuma yangu, juu, Kilonzo ameshika sikio moja la sufuria na Mama lile lingine. Hapo Deputi, naibu wa mwalimu mkuu, akachungulia mlangoni. Deputi ni mtu mzuri, hilo niliseme mapema. Alikuja kumwambia Mama kuna wageni wa mchana, aongeze sahani. Mama akageuza kiuno kumsikiliza, mikono bado iko kwa sufuria. Kiuno peke yake, bila viatu. Yeye mwenyewe.

"Wageni wangapi?"

"Wachache tu, Mama. Utajua la kufanya."

"Nitajua."

"Haya," Deputi akasema, akaenda zake.

Na Kilonzo, kama alivyofundishwa, akainuka.

Upande wake ukapanda. Maharagwe yakakimbilia upande wa Mama, na chini ya upande wa Mama nilikuwa mimi, mgongo wangu umewageukia, nasugua kidato kama mtu anayelipwa kwa kung'aa. Nilisikia tu mguno. Halafu kitu kikalia, kama kuni kavu ukiivunja kwa goti. Nilipogeuka, sufuria ilikuwa imesimama wima. Tone moja la mchuzi lilikuwa limeniangukia nyuma ya shingo. Moja. Liliniachia kovu dogo, wanangu huliita punje.

Mama alikuwa ameizuia isinimwagikie, ameishikilia bado, amejipinda, uso umekuwa wa majivu.

"Fomutu," akasema polepole, "toka hapo."

Nikatoka.

"Kilonzo. Teremsha. Haya."

Wakateremsha pamoja, sawasawa, kwa miguu. Kisha yeye hakuweza kunyooka.

Mara nyingi nimejaribu kutafuta mwenye makosa, kwa sababu mwenye makosa anasaidia, unampa ile hasira unakaa chini. Simpati. Kilonzo alitii. Deputi aliaga kama mtu aliyelelewa. Mimi nilikuwa pale kwa sababu sheria yake ilitaka niwe pale. Na yeye, aliyetukataza kupinda kiuno miaka yote, alipinda mara moja kwa sababu ya adabu, maana huwezi kuzungumza na mkubwa umempa kisogo.

Kilonzo aliacha kupiga mluzi. Yale mavyuma yake ya simiti aliyasukuma bondeni, na mtu akayaokota akafanyia uzito wa mlango wa zizi. Deputi alileta mchanga. Hilo nililiona kwa macho: alikuja Jumamosi na pikapu yake, akashusha mchanga nyuma ya jikoni, akasema saruji inafuata. Saruji haikufuata. Mchanga ulikaa mpaka paka wa shule wakaufanya choo.

Mama alirudi baada ya majuma kadhaa. Sisi tulikuwa tumeshakubaliana atarudi kukaa kwenye kiti na kutuamrisha tu. Alikuja amejifunga leso tatu kiunoni, moja juu ya nyingine, zimekazwa mpaka anatembea kama sanamu inayobebwa. Akaangalia jikoni. Akaangalia maharagwe tuliyopika bila yeye, akayaonja, akafumba macho kwa huzuni.

"Neno limekufa," akasema. "Kuanzia leo atakayesema haya ndani ya jikoni hii ataosha sufuria zote. Tunataka neno jipya. Neno ambalo halijawahi kusikika hapa, na halitasikika kwa bahati mbaya."

Tukafikiri. Kilonzo akasema, "Meli?" Mama akakataa, wanafunzi wa jografia wanaweza kulitaja. Mimi nikasema, "Likizo?" Akasema hilo nalisema kila siku. Halafu yeye mwenyewe akatabasamu, mara ya kwanza tangu ile siku.

"Nyama," akasema.

Na kweli. Katika jikoni ile, ungeweza kukaa tangu kufunguliwa mpaka kufungwa kwa shule, hakuna mtu angetaja nyama kwa bahati mbaya.

Tatizo ni kwamba Mama alikuwa na sauti. Kesho yake, saa ya chakula, tumechuchumaa, tumeangaliana, akapaza, "Nyama!" Sisi tukainuka vizuri kabisa. Lakini kule daining kulikuwa na dirisha. Nikasikia viti vinaanguka. Nikasikia mtu wa fomu foo analia kwa sauti ya besi, "Nyama! Jamani, nyama!" Laini ikavunjika. Walipoona maharagwe yaleyale yakiteremka kwenye kidato, sitasahau zile nyuso. Nimewahi kuona msiba wenye furaha kuliko hapo.

Siku ya tatu ya fujo, Deputi akaja. Akasimama nje ya mlango, siku hizo alikuwa anaogopa hata kuingia.

"Mama, hilo neno linatuletea shida. Watoto wanapata matumaini."

"Basi leta nyama, mwalimu. Neno litazoeleka, tutatafuta lingine."

Deputi akafungua mdomo. Nikaona lile neno la kuagia linamjia. Akalimeza, akapunga mkono, akaondoka bila kusema kitu. Tangu hapo sijawahi kumsikia yule mtu akisema haya, hata kanisani.

Wanafunzi walizoea. Wakaanza hata wao: wawili wakibeba dawati, mmoja anasema nyama. Nasikia kuna waliomaliza na kwenda nalo hadi kwa kazi zao. Hilo lilimfurahisha Mama. Lakini sisi wawili, mimi na Kilonzo, tulikuwa tunaona mengine. Tuliona mguu wa kushoto unaburutwa. Tuliona anapanda kreti kwa kushika ukuta, halafu kwa kushika mimi, halafu hapandi. Tuliona leso zinaongezeka.

"Mama, nenda hospitali ya Voi wakupige picha," Kilonzo alimwambia.

"Nimepigwa. Picha ilitoka nzuri kuliko mimi."

"Walisema nini?"

"Walisema nimechelewa kuwa kijana."

Ungemwambia nini mtu kama huyo? Tulijaribu kumwibia kazi. Tukawa tunafika kabla yake, tunabeba kila kitu cha kubebwa, tunamwachia chumvi. Siku moja nilimkuta peke yake stoo, amesimama mbele ya gunia la mahindi, mikono imening'inia. Hakuwa analiinua. Alikuwa analiangalia tu. Nikarudi nyuma polepole, nikaanza kuimba huko nje ili ajue nakuja.

Muhula uliofuata hakurudi. Mimi nami nikateremka Voi, nikapata kazi katika hoteli moja ya chapati na supu, ambako meza ya kukandia ilikuwa chini sana, nikaipandisha kwa matofali siku ya kwanza. Mwenye hoteli akauliza nani amenifundisha. Nikasema nimesomea.

Nilikwenda Wusi kumwona mwaka huu, mvua zikiwa zimekatika. Nilibeba sukari, na nyama, kilo moja, kwa utani wetu. Nilimkuta Wakesho nje anafua. Alikuwa ameiweka beseni juu ya meza, nikajua nimefika kwa wenyewe. Lakini alipoacha kufua kunisalimia, alijishika kiuno kwa mkono mmoja, hapa nyuma, na akangoja kidogo kabla ya kunyooka. Nilijua huo mkono. Nilifanya kazi karibu nao miaka.

"Kwawuka mana, kaka," akanisalimia kwa Kitaita. "Yuko ndani," akasema. "Hatoki."

"Hawezi?"

"Hataki." Akateremsha sauti. "Tulikuwa tunamtoa jua la asubuhi, mimi namwinua. Siku moja nikateleza kidogo, kiuno kikashtuka. Nilificha, lakini yule utamficha nini? Tangu siku hiyo amekataa nisimwinue. Anasema bora alale. Kumpindua tu kitandani ananiamrisha kama niko jeshini."

"Na majirani?"

"Wa juu ni mzee kumliko yeye. Wa chini yuko Mombasa. Wa kanisa huja Jumapili, wanamwombea, wanaenda. Nimeacha cherehani Voi, kaka, nimerudi. Peke yangu."

Mama Jikoni alikuwa amelala ubavu, amekuwa mdogo zaidi, kitu ambacho sikudhani kinawezekana. Chumba kilinuka kondoo. Aliniona, akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwani.

"Fomutu. Umenenepa."

"Ni supu, Mama."

"Magoti bado yapo?"

"Yapo, chini ya tumbo. Nimekuja kukutoa nje."

Akamwangalia Wakesho, akaniangalia mimi, akahesabu kimoyomoyo, nikamwona anahesabu: upande huu mmoja, upande huu mmoja.

"Leteni kiti," akasema.

Tukaleta kile cha plastiki chenye mikono. Kumtoa kitandani mpaka kitini ilichukua muda, na yeye ndiye alikuwa akituamrisha, kila kidole. Halafu tukachuchumaa kila mtu upande wake.

"Wakesho, magoti. Nimesema magoti, mtoto wewe. Mgongo wima. Vuta kiti karibu na kifua, mimi si mtu baki. Fomutu, tumbo lirudi nyuma. Angalianeni machoni."

Tukaangaliana. Macho ya Wakesho yalikuwa yamejaa maji lakini hakuyapepesa.

"Nyama!"

Tukainuka kama mtu mmoja. Alikuwa mwepesi mno. Hata sufuria ya uji ilikuwa nzito kuliko yeye. Nje, chini ya banda la mahindi, mbwa wao akaruka kutoka usingizini na mkia juu, akatufuata mpaka uani akinusa hewa, na Mama akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Ona, hata huyu ni wa fomu foo."

Tulimweka mahali panapoona mbali. Chini kabisa mbuga za Voi zilikuwa zimetandikwa kama mkeka wa zamani, na reli juu yake. Lakini yeye hakuangalia huko. Alikuwa anaangalia ng'ambo, mgongo wa mlima wa Chawia, mahali moshi mmoja ulikuwa unapanda.

"Mweusi," akasema. "Wamewasha na kuni mbichi."

"Kilonzo ndiye mkubwa wao sasa."

"Anapiga mluzi?"

"Hapana, Mama."

"Na kile kidato?"

Ningeweza kudanganya. Mimi ni mtu wa maneno, uongo mdogo haunishindi. Lakini alikuwa ananiangalia.

"Kipo," nikasema.

Akatingisha kichwa, kama mtu aliyeulizia ndugu akaambiwa mzima. Wakesho akatukaangia nyama, tukala, mbwa akapata mfupa. Mama alikula kidogo na kuongea sana. Alimfundisha Wakesho kumgeuza mtu kwa shuka, mkono huu hapa, mguu huu pale, na mimi nikawa ndiye mgonjwa wa mfano, nimelala chini kwenye majani, nikiambiwa niache kucheka.

Jua likaegemea. Mawingu yakaanza kuja kutoka upande wa bahari, na mimi nilikuwa na kazi Voi kesho alfajiri, unga haujikandi. Wakesho akaniangalia. Sote wawili tulijua hesabu ile: tukimrudisha ndani, kumtoa tena kunataka watu wawili, na kesho hapa kuna mmoja. Nilisema nitarudi. Nilisema Jumapili moja moja. Nilisikia sauti yangu, ikafanana na ya mtu anayesema muhula ujao, nikaacha kuahidi.

"Mama, baridi inaingia," Wakesho akasema. "Twende ndani."

Tukachuchumaa, kila mtu upande wake. Magoti. Mgongo wima. Kiti karibu na kifua. Tukaangaliana machoni, tukashika, tukangoja neno.

Mama alikuwa bado anaangalia ng'ambo, ule moshi. Ulikuwa umeanza kuwa mweupe, kuni zimeshika.

"Mama," nikasema.

"Bado," akasema.

Tone la kwanza la mvua likaniangukia nyuma ya shingo, palepale penye punje. Mbwa alikuwa amekaa mbele yetu, masikio juu, anamtazama Mama mdomoni, anangoja naye. Hakuna anayeinua kabla ya neno. Ndiyo sheria, tulifundishwa wote. Tukabaki pale chini.